Mzee wa Masjala na Kadi ya Wakuru

Katika ofisi yetu ya pamba pale Iringo, Musoma, mtu wa kwanza kufika asubuhi alikuwa Mzee wa Masjala, na mtu wa kwanza kugombezwa alikuwa yeyote aliyefika wa pili. Mimi nilikuwa huyo wa pili kwa miaka saba, kwa hiyo najua ninachosema. Hakuwa mkali wa kupiga meza. Alikutazama juu ya miwani, akaitazama saa ya ukutani, akakutazama tena, na wewe mwenyewe ukaanza kujieleza kuhusu mtoto aliyekohoa usiku kucha na baiskeli iliyopata pancha. Akiridhika kwamba umeteseka vya kutosha, ndipo anaitikia shikamoo yako.

Tulianza kumwita Mzee wa Masjala kabla hajafikia hata umri wa kuitwa mzee. Masjala kilikuwa chumba cha nyuma chenye makabati ya mbao, na ndani ya makabati hayo zilikaa kadi za wakulima wa pamba kutoka Bunda mpaka Butiama, na vijiji vya ukingoni mwa ziwa. Kila kaya na kadi yake. Mbegu zikigawiwa, kadi. Dawa ya wadudu, kadi. Na ile miaka watu walipohamia vijiji vya ujamaa na kugawiwa mashamba upya, orodha iliyosomwa mbele ya kamati za vijiji ilitoka kwetu. Asiyekuwa na kadi hakuwa na shamba. Nataka hilo lieleweke tangu sasa, maana pamoja na mapenzi yote niliyonayo kwa mtu huyu, ninachokwenda kusimulia ni jinsi mimi na yeye tulivyomfuta bibi mmoja wa upande wa Bunda, yeye na nyumba yake nzima, kwa kufuata utaratibu.

Lakini kwanza mumjue.

Kadi zetu zilikuwa na matundu pembezoni, mstari mzima wa matundu madogo. Kila tundu lilikuwa swali. Je, analima zaidi ya ekari tatu? Je, ana plau? Je, mkuu wa kaya ni mwanamke? Jibu likiwa hapana, tundu linaachwa. Jibu likiwa ndiyo, tunalikata kwa koleo mpaka ukingoni, linakuwa pengo. Basi ukitaka kujua wakulima wote wenye plau, unachukua bunda la kadi, unazipanga sawasawa, unapitisha spoku ya baiskeli kwenye tundu la plau, unainua, unatikisa. Wasio na plau wanabaki wananing'inia kwenye spoku. Wenye plau wanaanguka mezani. Wageni waliokuja kutoka wizarani walidhani ni mazingaombwe. Mzee wa Masjala aliwaacha wadhani hivyo kwa dakika mbili hivi, kisha akawapa spoku wajaribu wenyewe, na walipotikisa vibaya kadi zikamwagika sakafuni akafurahi siku nzima.

Alijifunza wapi mambo hayo sijui. Kila mtu ofisini alikuwa na habari yake: mmoja anasema reli, mwingine anasema misheni, na yeye ukimuuliza anasema, "Kwa kukosea." Alikuwa na namna yake ya kufanya kila jambo, na namna hiyo ilikuwa imeandikwa. Kwenye ukuta wa masjala alibandika karatasi zenye hatua, moja baada ya nyingine: chukua hiki, tazama kile, kikiwa hivi nenda hatua ya sita, kikiwa vile rudi ya pili. Baadaye sana nilipopelekwa Dar es Salaam kujifunza kompyuta, mwalimu aliandika ubaoni kitu kinachoitwa programu, na mimi nikamwambia jirani yangu kwamba kitu hicho nimekisoma ukutani Musoma, ila chetu kilikuwa na madoa ya chai.

Chai ilikuwa ya Mhudumu. Mama huyu ndiye aliyefagia, akachemsha maji, akapeleka barua, na kazi yake nyingine, ambayo haikuwa kwenye barua yake ya ajira, ilikuwa kuzijaribu karatasi za Mzee. Kila Mzee alipoandika maelekezo mapya hakutupatia sisi makarani. Alimpa Mhudumu, pamoja na bunda la wakulima wa uongo aliowatunga mwenyewe: mkulima asiye na shamba, mkulima aliyezaliwa kabla ya baba yake, mkulima mwenye majina manne, mkulima aliyekufa akafufuka msimu uliofuata. Tuliziita kadi za wajinga. Mhudumu akikwama mahali, Mzee hakusema Mhudumu haelewi. Alichana karatasi na kuanza upya.

"Nyie karani mnanionea haya," alitwambia. "Mkikwama mnajifanya mmeelewa. Huyu mama hanaga aibu. Ikimshinda anaitupa hapo, anaenda kuosha vikombe."

Kufuta alikataza kabisa. Raba haikuingia masjala. Ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya neno, ili lililokuwapo lisomeke, na pembeni unaandika herufi za jina lako na tarehe. Kadi ikiharibika zaidi ya hapo unatengeneza mpya, na ya zamani inakwenda kwenye droo ya chini tuliyoiita makaburini. Hakuna kilichotupwa. Nilimuuliza faida ya kutunza makosa ni nini, akaniambia siku nikikosea kweli nitaijua. Pia hakupenda jambo moja liandikwe mahali pawili. Akikuta jina la kijiji limeandikwa kwenye kadi na tena kwenye daftari, aliuliza lipi ndilo lenyewe siku yakitofautiana.

Kuna habari ya namba. Mkuu aliyemtangulia alikuwa amewapa wakulima namba zenye kijiji ndani yake, tarakimu mbili za kwanza kijiji, zinazofuata kitongoji, na kila mtu alimsifu kwa akili. Mzee wa Masjala peke yake alinuna. Alitaka namba bubu, moja, mbili, tatu, kadiri watu wanavyokuja, zisiseme chochote juu ya mtu. Tukamwona mshamba. Watu walipohamishwa, nusu ya wilaya ikawa na namba za vijiji ambavyo sasa vimeota majani, na tukakesha wiki tatu tukiandika upya. Hakusema, "Si niliwaambia?" Alileta karanga za kukaanga kila jioni akatugawia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusema.

Majina ndiyo yaliyomtesa. Kwetu mtu mmoja ana jina la nyumbani, la ubatizo, la utani, na akienda kuvua anapata jingine. Mwaka mmoja kadi tatu zilimkaa vibaya: mkulima mmoja wa kijiji cha ukingoni, mwingine wa kijiji cha jirani, wa tatu mvuvi aliyeomba mbegu kutoka kisiwani Rukuba. Watatu wote wana ekari mbili, wake wawili, na baba mwenye jina moja. Akaniambia nipande mtumbwi nikawaone kwa macho.

"Kwa nini usiende wewe, Mzee?"

"Mimi na hiyo maji hatuelewanagi."

Ilikuwa kweli. Aliishi hatua mia mbili kutoka ziwani na sikuwahi kumwona akilowesha kidole. Hata sato alimla kwa mashaka, kama mtu anayekula mali ya jirani. Basi nikaenda mimi, nikatapika njia nzima, nikafika kwenye kambi ya wavuvi nikauliza kwa majina yote matatu, na mtu mmoja tu aliyekuwa anaanika dagaa akawa anaitika kila mara, "Naam," "Naam," "Naam." Nikamuuliza kwa nini amejiandikisha mara tatu. Akashangaa kuliko mimi. "Sijajiandikisha mara tatu, dada. Mara tatu mlikuja kuniuliza mimi ni nani." Niliporudi na habari hiyo Mzee alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaketi akaandika ukurasa mzima wa hatua mpya za kumtambua mtu. Hakupendelea kumlaumu mkulima. "Kadi haina mikono," alikuwa anasema. "Kama imekosea, kuna mtu ameikosesha."

Na mtu huyu mwenye mpangilio hivyo, ungeingia nyumbani kwake ungedhani wezi wametoka sasa hivi. Viatu juu ya kabati la vyombo, gunia la mtama sebuleni, fimbo za kuchungia ng'ombe nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mkewe alinieleza kwamba akitumwa sokoni vitu vitatu huleta viwili na kimoja ambacho hakikutajwa. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na nje ya tuni, na padri alishakata tamaa. Alikuwa bahili wa karatasi kiasi cha kuandika barua nyuma ya bahasha, lakini mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na ndiye aliyeondoka wa mwisho, akichanja kuni kama kijana. Nilimpenda. Sioni sababu ya kulizungusha. Baba yangu alinilea, lakini mtu aliyenifundisha kufikiri alikuwa huyu.

Sasa nije kwa Wakuru, yule bibi wa upande wa Bunda.

Fomu ya kaya ilikuja kutoka juu, kwa Kiingereza, ina mahali pa mume na mahali pa mke. Mzee akaitafsiri, akaigeuza kuwa matundu. Tundu la nne: mkuu wa kaya ni mwanamke. Tundu la tisa: mkuu wa kaya ana mke. Kisha akaandika karatasi ya ukutani ya kukamata makosa, na hatua yake mojawapo ilisema kadi iliyokatwa tundu la nne na la tisa pamoja inajipinga, mwandishi amepitiwa. Atafutwe mwanamume wa karibu katika ukoo, aandikwe yeye mkuu wa kaya. Ilionekana safi kabisa. Mhudumu aliipitia bila kukwama hata mara moja.

Nami nikaifuata. Kadi zilizojipinga nilizitoa, nikaangalia jina la shemeji au mpwa, nikaandika kadi mpya, nikakata matundu mapya, za zamani nikazipeleka makaburini. Nilikuwa na haraka, orodha ya kijiji cha kwanza ilitakiwa Bunda kabla ya Ijumaa. Moja ya kadi nilizoandika upya ilikuwa ya Wakuru.

Alikuja mwezi uliofuata, kwa basi la asubuhi, bibi mrefu mwenye kitenge kilichofungwa kifuani na fimbo aliyoishika bila kuiegemea. Nikamwamkia. Akaitikia, akatazama makabati.

"Nani ndiye anatunzaga watu humu kwa karatasi?"

"Ni mimi, mama," Mzee akasema, akasimama.

"Basi mimi simo. Nimekuja unitafute."

Mzee akamuuliza kijiji, akafungua droo, akatoa kadi ya nyumba yake. Akamsomea: mkuu wa kaya fulani, mwanamume. Lilikuwa jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wakuru akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo alikuja kula nyama," akasema. "Siku naoa, alikuja kula nyama tu. Ng'ombe nilitoa mimi, wa kwangu, baba yake Nyasinde akapokea, watu wakaona. Nyasinde ni mke wangu. Watoto wa Nyasinde wanaitwa kwa mimi. Sasa kamati inasema shamba yetu ya huko chini kwenye udongo mweusi ni ya huyo mla nyama, na sisi tuko kwake kama wageni. Tangu lini?"

Kwetu Mara nyumba ya namna hiyo si siri wala ajabu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wake, akaoa mke, akawa ndiye mume, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Wengi huiita nyumba ntobhu. Mimi nilikua jirani na nyumba hiyo. Mzee wa Masjala, akiwa likizo kijijini kwake upande wa Butiama, alimwamkia mama mmoja mwenye nyumba hiyo kwa heshima ile ile aliyowapa wanaume wenye miji yao. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini tukiingia ofisini, tukakaa mbele ya fomu, tulikuwa kama tumeyavua tunayoyajua na kuyatundika nje pamoja na makoti.

Mzee akakaa. Akamgeukia Mhudumu aliyekuwa ameleta chai.

"Mama, wewe ulijua kuna nyumba za hivi?"

"Za hivi? Ya jirani yangu si ndiyo hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama maelezo yanafuatika." Akaweka kikombe mezani. "Yalikuwa yanafuatika."

Sijawahi kumwona mtu akikunjwa namna ile kwa maneno machache. Akafungua makaburini, akatoa kadi zote za zamani, akapitisha spoku tundu la nne, zilizoanguka akazipanga tena, akapitisha tundu la tisa. Zikaanguka. Nilihesabu mpaka kumi na moja nikaacha, maana kila moja ilikuwa na herufi za jina langu. Ya Wakuru ilisomeka vizuri chini ya ule mstari mwembamba. Hapo nikaijua faida ya kutunza makosa.

Siku tatu hatukufanya kazi nyingine. Mzee aliitoa ile karatasi ukutani, tukaandika kadi upya, na kwa bahati vijiji vile vingine vyote vilikuwa havijagawiwa mashamba. Ni kimoja tu orodha yake ilikuwa imekwisha kwenda, na mashamba yamekwisha pimwa. Cha Wakuru. Tulichokirekebisha Musoma hakikurekebisha nakala iliyokuwa Bunda.

Alikwenda mwenyewe, amevaa koti lake la Jumapili, kadi mpya kwenye bahasha. Kabla hajaondoka alinionyesha maneno atakayoyasema mbele ya kamati. Aliyaandika nyuma ya bahasha nyingine: Ndugu Mwenyekiti, kosa ni langu, niliandika utaratibu mbaya, nyumba hii ni ya Wakuru na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nikaona ni maneno mazuri. Nikaona pia kwamba miaka ile, mtu wa ofisi kusema maneno hayo mbele ya hadhara lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Alirudi siku ya pili. Hakutazama saa, na mimi nilikuwa nimechelewa.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Umewaambiaje, Mzee?"

Akaanza kusafisha miwani. "Nimewaambia kadi ilikuwa na hitilafu."

Hayo siyo yaliyokuwa nyuma ya bahasha. Naye alijua. Akanieleza mengine akiniangalia mabegani, si machoni: mwenyekiti alisema kama iliyokosea ni kadi, basi Musoma warekebishe kadi yao, kamati haiwezi kumnyang'anya mtu shamba alilokwisha kulima kwa sababu ya hitilafu, udongo mweusi umeisha, kilichobaki ni kule juu kwenye mawe.

"Wakuru atapewa huko?"

"Wamesema wataangalia."

"Kama nyumba yake mwenyewe?"

"Wamesema wataangalia, karani."

Miezi miwili baadaye aliomba mwenyewe kuhamishiwa ghala la mbegu Bunda. Ofisini walisema mzee amechoka. Mimi nilipata uhamisho wa kwenda masomoni, na nilipokuwa Dar es Salaam nilimwandikia mara nne kumuuliza kama Wakuru alipata shamba. Alinijibu mara nne. Aliandika habari za mvua, za mkewe, za padri mpya anayeimba vibaya kuliko yeye. Juu ya Wakuru hakuandika hata neno. Nikakasirika, kusema kweli, na barua ya tano sikuiandika.

Darasani nilisifiwa. Mwalimu alifundisha kwamba namba ya kumtambua mtu isibebe maana nyingine, jambo moja likae mahali pamoja, programu ijaribiwe kwa taarifa mbovu, nakala itunzwe. Kila alipoanza sentensi mimi niliimalizia. Akaniuliza nimesomea wapi, nikasema Musoma, kwa spoku ya baiskeli, darasa zima likavunjika mbavu. Wacha wacheke. Nilikuwa najua jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chao: kwamba unaweza kuyafuata yote hayo barabara na bado ukamfuta mtu.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, kazi iliponileta Bunda na fomu mpya. Kadi zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta, na mimi ndiye niliyetumwa kuhakiki kaya za vijiji vichache kwa macho. Kijiji cha Wakuru nilijichagulia mwenyewe. Karani wa kijiji akaniambia nyumba hiyo iko juu, kwenye mawe, nifuate njia ya ng'ombe.

Nikapanda. Palikuwa na nyumba mbili za nyasi, mihogo, mtama uliosimama kwa shida, na miamba mikubwa ambayo hakuna plau ingeigusa. Katikati ya miamba kipande cha shamba kilikuwa kinalimwa. Mtu mzee mwenye kofia ya pama alikuwa anahangaika peke yake na maksai wawili, hakuna wa kuwaongoza mbele, na mstari alioutoa ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Alipogeuka nikaiona miwani.

Nikamwamkia kwa mbali. Akanitazama juu ya miwani. "Umechelewa," akasema.

Nyasinde alitoka nyumbani akanikaribisha, mwanamke mwenye umri wangu, mikono ya mtu wa jembe. Nikatandaza fomu juu ya paja, nikamuuliza jina la mkuu wa kaya.

"Mume wangu, Wakuru. Amefariki mwaka juzi. Sasa niko mimi."

Niliandika kama alivyosema, mstari wa mume aliyefariki na mstari wa mkuu wa kaya wa sasa. Nikamuuliza kuhusu shamba. Akasema hili la mawe walipewa baada ya misimu miwili ya kukaa kwa shemeji kama wageni, na likaandikwa kwa jina la Wakuru. Lile la udongo mweusi mpaka leo analima shemeji na wanawe. Nikamuuliza na yule mzee je.

"Huyo? Huyo anakujaga kila msimu na ng'ombe wake. Mwaka wa kwanza mume wangu alimfukuza. Akamwambia hatukujui. Akakaa pale kwenye jiwe mpaka jua likazama. Mwaka wa pili akaja tena, mume wangu akamwacha alime. Hali kwetu, anakunywa maji tu. Hajasema kitu."

Mzee alikuwa amesimamisha ng'ombe. Alikuwa karibu, alisikia kila neno. Nikamtazama na hasira yangu yote ya barua nne, nikakuta haipo. Alikuwa amezeeka sana.

"Mzee," nikasema, "mwambie."

Akavua kofia. 

"Mama. Ile karatasi ya kumpa shemeji shamba la chini, niliipanga mimi. Kamati wakaniuliza, nikasingizia kadi. Kosa halikuwa la kadi. Ni mimi."

Nyasinde hakushtuka. Aliinama akaokota jiwe dogo lililokuwa njiani akalitupa pembeni, kama mtu anayeendelea na kazi yake.

"Tunajua," akasema. "Karani wa kijiji alimwonyesha mume wangu jina yako chini ya ile orodha. Ndiyo maana mwaka wa pili alikuacha. Alisema mwacheni alime, siku akichoka kunyamaza atasema mwenyewe." Akamtazama. "Umechelewa. Alikuwa anapenda akusikie."

Mzee alisimama na kofia yake mkononi. Machozi yalimtoka wazi wazi, hakuyafuta. Na mimi nikaona kwamba nimekaa hapo na fomu yangu safi kama mgeni wa wizara, ilhali zile herufi kwenye kadi zilikuwa za jina langu, si lake.

"Dada," nikamwambia Nyasinde, "yeye alipanga. Aliyeandika kadi na kukata yale matundu ni mimi. Mume wako nilimfuta kwa mkono wangu."

Akanitazama kuanzia kichwani, sketi yangu ya ofisi, viatu vyangu vya kisigino. Akatazama ule mstari uliopinda.

"Basi kashike kamba ya ng'ombe," akasema. "Peke yake anatuharibia shamba."

Nikavua viatu, nikaviweka juu ya jiwe pamoja na fomu, nikapita mbele ya maksai nikaishika kamba. Nyuma yangu Mzee akavaa kofia, akainama kwenye plau, akapiga mluzi, na ng'ombe wakavuta.